Kushika Mahali

Ukimtazama kutoka ufukweni, mvuvi wa mshipi aliye peke yake mtumbwini haonekani kuwa anafanya kazi. Amekaa, mgongo umeinama kidogo, mkono mmoja uko nje ya ubavu wa chombo, na chombo chenyewe hakiendi popote. Mpita njia atasema yule anangoja riziki. Lakini huko kutokwenda popote ndiko kazi yenyewe. Hapo alipo, mkondo unamvuta kaskazini, upepo unamsukuma pwani, mawimbi yanamgeuza ubavu, na mshipi wake sharti ushuke wima uguse jiwe moja lisilozidi ukubwa wa uwanja wa nyumba, lililo chini ya maji ya pima kumi au kumi na tano. Samaki wa mwamba hahami ovyo. Mvuvi akitoka juu ya jiwe lake kwa hatua thelathini tu, anavua mchanga mtupu, na mchangani hapati kitu ila bunju na hasira.

Nimewatazama sana wavuvi hawa, hasa upande wa mashariki wa Unguja, na mara kadhaa nimebebwa katika vyombo vyao nikiwa abiria asiye na faida. Wanaoandika habari za uvuvi hupenda dhoruba, papa, na mtu aliyepotea siku tatu akaokolewa. Hayo yapo. Kinachonishangaza mimi ni jambo lisilo na makelele: mtu mmoja, ndani ya gogo lililochongwa, bila injini wala mwenzake, anarudi mahali pale pale katika maji yasiyo na kibao, kisha anapashika kwa saa tano. Samaki huja baadaye. Kwanza pawe na mahali.

Gogo lenyewe lastahili maneno machache. Mtumbwi wa pwani huchongwa katika mti mmoja, na mara nyingi mti huo ni mwembe. Si kwamba mwembe una mbao bora. Huoza mapema kuliko mvule, na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao wanaupenda. Uzuri wake ni kwamba hunenepa, haubishani na shoka wala tezo, na umo mashambani, hauhitaji kufuatwa msitu wa mbali. Fundi akiweka ubavu mnene, chombo kitakuwa kizito kwa kafi. Akiupunguza mno, jiwe la kwanza litaupasua. Kikishakamilika hupakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake haimtoki mtu hata aoge mara ngapi, na kila baada ya muda hupandishwa juu pwani, tumbo likababuliwa kwa moto wa makuti ili wale watobozi wafe.

Ngalawa ni mtumbwi huohuo uliotiwa mirengu, ile miti inayopita juu ya chombo kutoka upande huu hadi ule, na mwisho wa mirengu, kulia na kushoto, zikafungwa ndubi. Ndubi za Unguja ni mbao zilizolazwa kwa mshazari, si magogo ya kuelea tu. Chombo kikilalia upande mmoja chini ya tanga, ubao wa upande ule unayakata maji na kukirudisha juu. Mwingereza James Hornell, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza vyombo vya majini vya mataifa mengi, aliona kwamba asili ya mirengu hii ni visiwa vya Indonesia, kule kule walikotoka baadhi ya mababu wa Wamalagasi. Sina sababu ya kumbishia. Ila kwa mvuvi wa mshipi faida kubwa ya mirengu si mbio, ni mkao. Mwenye ngalawa anaweza kuinama nje kwa mikono miwili akimvuta samaki, na chombo kisimmwage. Mwenye mtumbwi mtupu hana ruhusa hiyo. Kila anapoegemeza bega upande mmoja, nyonga yake hurudi upande wa pili bila kuambiwa. Ukikaa nyuma yake utaona mgongo wake hautulii hata kidogo, na chombo kimetulia kabisa.

Sasa mahali. Bahari ya nje ya mwamba haina kitu cha kushika jicho, kwa hiyo mvuvi hukipa mgongo kile anachokitafuta, akatazama nchi kavu. Huchagua vitu viwili vilivyoko bara, kimoja karibu na kingine mbali, kisha husogea mpaka cha mbele kikifunike cha nyuma. Mnazi uliopinda ukisimama sawasawa juu ya paa la msikiti, basi yuko juu ya mstari. Halafu hutafuta jozi ya pili upande mwingine: ncha ya rasi ikianza tu kufichua jabali lililo nyuma yake. Mistari miwili hukutana mahali pamoja, na pamoja tu. Hapo ndipo.

Likisemwa hivi ni jepesi. Ugumu uko katika kuchagua. Vitu viwili vilivyokaribiana mno havifai, maana utasogea mbali sana baharini kabla hujaona vimeachana. Vikiwa mbalimbali, hatua chache za chombo zinatosha kuviachanisha, na alama inakuwa kali. Tena mistari miwili inayokutana kwa pembe nyembamba hudanganya: kosa dogo la jicho katika mmoja hukutupa mbali katika mwingine. Ndiyo maana pwani ya Jambiani au Makunduchi ina taabu yake. Nchi yote iko upande mmoja, magharibi, imenyooka, na mvuvi hulazimika kutafuta alama ya pili mbali sana kaskazini au kusini, kwenye rasi inayoonekana tu asubuhi kabla ya ukungu wa joto kupanda. Ndani ya ghuba ya Chwaka, ambako nchi imezunguka pande tatu, kazi ni rahisi zaidi. Mvuvi aliyelelewa Chwaka akienda kuvua nje ya Jambiani huanza upya shule.

Na hesabu yote hiyo imo kichwani. Haikuandikwa popote, haina ramani, na kwa kawaida haitajwi mbele ya watu. Baba humwonyesha mtoto, au mjomba humwonyesha mpwa, wakiwa palepale juu ya jiwe: tazama kule, tazama na kule, umeona? Basi. Mtoto asipoona siku ile atangoja mpaka siku nyingine watakapokwenda. Mvuvi wa makamo anaweza kuwa na mawe mengi ya namna hii, kila moja na alama zake, kila moja na msimu wake, na kila moja na samaki wake.

Alama humfikisha, lakini hazimhakikishii. Mwenye kuhakikisha ni chubwi. Manahodha wa majahazi walikuwa na bildi, kipande kizito cha risasi kilichofungwa kamba, cha kupimia kina na kujua chini pana nini. Chubwi la mvuvi hufanya kazi hiyohiyo, ila hakuna kinacholetwa juu kutazamwa. Habari yote hupanda kupitia uzi mpaka kwenye kidole cha shahada. Mchangani, chubwi hutua bila sauti, na ukilinyanyua shubiri moja ukaliachia, hurudi palepale kwa uzito uleule. Kwenye mwani linazama kidogo halafu linateleza, na unapolivuta linakuja kwa uzembe. Kwenye mwamba mgumu linagonga, na mgongo wa kidole unaisikia ile gonga. Kwenye matumbawe yaliyo hai linagonga na kukwama papo hapo, na hapo mvuvi hulinyanyua haraka, maana akichelewa ameacha ndoana chini. Nimejaribu kuushika mshipi uleule, mahali palepale. Nilichosikia ni kitu kizito, basi. Mwenye mshipi alikwisha kujua kwamba tumepita ukingo wa jiwe na tunaelekea mchangani.

Chubwi lenyewe halina heshima ya duka. Wapo wanaoyeyusha risasi, wapo wanaofunga nati ya gari, plagi iliyokufa au jiwe lenye kiuno. Zamani mishipi ilikuwa ya pamba au nyuzi za mimea, ikilowa inavimba. Nailoni iliondoa taabu hiyo, na faida yake kubwa, kwa maoni yangu, si nguvu bali wembamba. Uzi mwembamba hausukumwi sana na mkondo, kwa hiyo unasema kweli zaidi. Mshipi uliokaa upinde kama upinde wa mshale huleta habari kwa kuchelewa, na habari ya kuchelewa katika kazi hii ni chambo kilicholiwa.

Ili mshipi usipinde, mkondo uwe mdogo, na mkondo una ratiba yake angani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vikiwa mstari mmoja, huja bamvua: Unguja tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, mwamba wote hutoka nje, na kina mama na vijana huenda kwa miguu kutafuta pweza. Siku hizo mvuvi wa mshipi wa nje ana shida, kwa sababu maji mengi kiasi hicho yakitakiwa kuingia na kutoka kwa kiasi cha saa sita yanakwenda mbio. Wiki moja baadaye ni maji mafu, tofauti imeshuka mpaka kama mita 1, na bahari inavuta polepole. Ndani ya siku yenyewe pia mwendo si mmoja. Maji huanza kujaa kwa uvivu, saa ya tatu na ya nne hupita karibu nusu ya maji yote, kisha uvivu hurudi. Katikati ya kujaa na kupwa pana muda mfupi ambapo bahari inasimama, na kwenye jiwe zuri huo ndio muda wa kula. Maji hujaa kila siku kwa kuchelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo mvuvi haishi kwa saa ya ukutani. Leo anatoka alfajiri na upepo wa umande, wiki ijayo anatoka mchana, na jirani aliyeajiriwa ofisini humwona mtu asiye na utaratibu.

Juu ya hayo yote umo mkondo mkubwa wa pwani yetu, unaokwenda kaskazini mwaka mzima, ukipata nguvu wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi. Juni na Julai, kusi likiwa katika ukali wake, mawimbi hupasuka katika milango ya mwamba upande wa mashariki, na wenye mitumbwi hubaki ndani ya mwamba wakivua chaa na tasi, au hutega madema. Oktoba na Novemba, kati ya pepo mbili, bahari hulala. Ukitaka kuiona kazi hii katika ubora wake, nenda wakati huo.

Akishafika, nanga. Mwenye mtumbwi hatii nanga juu ya jiwe lake. Huitia mbele yake, upande unakotoka mkondo, kisha hulegeza kamba mpaka chombo kirudi nyuma na kukaa juu ya mahali. Kamba ikiwa fupi nanga haishiki, ikiwa ndefu chombo huyumba kwa upana na mshipi unatembea. Wengi sasa hutumia nanga ya nondo zilizokunjwa, na nondo hizo haziwi nene makusudi: nanga ikikwama mwambani, mvuvi huvuta kwa nguvu, nondo zinanyooka, inatoka, kisha anazikunja tena kwa mikono. Ni werevu mtupu, ingawa matumbawe hayafurahii. Upepo na mkondo vikipingana, chombo hakikai kokote. Kinazunguka, na mvuvi hushika kafi kwa mkono mmoja, akichovya mara moja, tena mara moja, huku mkono wa pili ukiwa na mshipi. Kuchovya huko hakuna sauti. Hatazami kafi. Macho yako bara, kwenye mnazi na paa.

Na sasa ndiyo samaki.

Changu ndiye shule ya kwanza. Hagongi, hugusa. Hugusa mara mbili au tatu, hupumzika, hugusa tena, na mwanafunzi huvuta kwenye mguso wa kwanza na kupata ndoana safi, chambo kimekwenda. Mzee mmoja wa Jambiani alinipa mshipi wake, nikahisi ule mguso, mkono ukaruka wenyewe.

"Usivute, mwanangu. Huyo anabisha hodi tu."

"Nimngoje mpaka lini, mzee?"

"Mpaka aingie."

Kuingia kwake kuna dalili moja: uzito. Ule mguso unakoma na mshipi unakuwa mzito kidogo, au, na hili ndilo gumu, unakuwa mwepesi, kwa sababu samaki amekinyanyua chambo na chubwi pamoja akija juu. Uzi ukilegea ghafla, mgeni hudhani samaki ameondoka. Mvuvi hapo ndipo anapovuta, kwa mkono mrefu, toka magotini hadi juu ya bega.

Chewa ni tabia nyingine kabisa. Hana hodi. Hufunua lile domo, maji yote ya mbele yake huingia na chambo kimo, kisha hugeuka kurudi shimoni mwake. Pima mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Mvuvi akitoa hata pima moja ya uzi, chewa ameshaingia, amepanua mashavu na mapezi, amejibana kwenye mwamba, na hapo hata watu wawili hawamtoi. Mvuvi mwenye pupa hukata mshipi kwa kushindana. Mwenye subira hufanya kinyume: hulegeza, huufunga uzi kwenye mrengu au huushika bila kuukaza, akavuta tumbaku yake. Chewa asipohisi tena mtu wa kushindana naye, baada ya muda hutoka. Hapo huvutwa mara moja, bila kuchelewa. Chewa wengi, kwa taarifa ya wanaopenda mambo haya, huanza maisha wakiwa majike na wachache hugeuka madume wakishakuwa wakubwa, kwa hiyo jiwe lililotolewa chewa wake wote wakubwa linakuwa limepungukiwa kitu zaidi ya minofu.

Mkunga humjulisha mvuvi kwa jinsi uzi unavyojisokota, na wengi wakimtambua hutamani ajitoe mwenyewe, maana mtu kukaa na mkunga mzima ndani ya mtumbwi wa upana wa nyonga zake si mchezo. Kolekole hukimbia kwa mstari na kulikokota gogo zima. Kungu hushindana mpaka katikati, halafu hukata tamaa. Tasi hushikwa kwa uangalifu, kichwa kwanza, kwa sababu miiba yake ina sumu na mkono utauma mpaka usiku. Yote haya mvuvi huyajua kabla samaki hajaonekana. Hutaja jina lake akiwa bado pima saba chini, na mimi nikawa nachungulia kando ya chombo kama mtoto anayengoja kuona kama ni kweli. Karibu kila mara ilikuwa kweli. Mara aliyokosea, mzee alilitazama samaki lile kwa kinyongo, kana kwamba ndilo lililosema uongo.

Mikono ya watu hawa ina alama zake pia. Ndani ya kidole cha shahada, kwenye kiungo cha kwanza, pana mfereji mgumu uliochimbwa na uzi. Wengine hufunga kipande cha mpira wa tairi hapo. Wazee wengi hukataa, wakisema mpira ni kiziwi.

Wakati wa kurudi kazi haiishi, hubadilika. Ngalawa ikiwa chini ya tanga, upepo wa mchana ukiwa mzuri, mvuvi hurambaza: huacha mshipi mrefu nyuma ya chombo, mwisho wake pamefungwa waya, kwa kuwa meno ya nguru na mzia hukata nailoni bila juhudi, na mbele ya ndoana pana kibua mzima au kitambaa cheupe kinachochezacheza. Mikono ina usukani na kamba ya tanga. Mshipi basi hupewa mguu, umezungushwa kwenye kidole gumba au juu ya paja. Upande wa magharibi wa Pemba, ambako kisiwa kinaishia ghafla na mlango wa bahari kati yake na bara hufikia kina cha kama mita 800, mwenye ngalawa ndogo anaweza kukutana na jodari au sulisuli bila kupoteza nyumba yake machoni. Unguja na Mafia hazina bahati hiyo upande wa bara. Maji yake ni haba.

Siku hizi fukwe za hoteli zina kayaki za plastiki, za njano na za machungwa, ambazo wageni huzungukia maji ya ndani ya mwamba. Huko Marekani, Afrika Kusini na Nyuzilandi wapo watu wengi wanaovua baharini kwa kayaki za namna hiyo, na siwabezi. Shida yao ni shida hiihii: mtu mmoja ana mikono miwili, chombo kinaitaka yote na samaki anaitaka yote. Wao wamepeleka kazi miguuni kwa kutia pedali, na mahali wamemwachia setilaiti, huku kifaa kinachopiga sauti chini ya maji kikiwachorea sakafu ya bahari kwenye kioo. Kayaki ya asili, ya Wainuit, ilikuwa ya fremu iliyovikwa ngozi ya sili na kufunikwa juu kabisa, kwa kuwa maji ya kule humwua mtu upesi kwa baridi. Mwindaji alikaa amefungwa kiunoni pamoja na chombo, akirusha chusa chenye kamba na boya la ngozi. Mtumbwi wetu uko wazi kwa sababu maji yetu ni ya vuguvugu mwaka mzima, na anayeanguka hupanda tena. Vyombo viwili vilivyozaliwa mbali hivyo, na vyote viwili vikaishia upana uleule: nyonga za mtu mmoja.

Kwetu jambo hili ni la kale. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, kinataja kisiwa cha Menouthias katika pwani hii, ambacho wataalamu hukikisia kuwa Pemba, Unguja au Mafia, na kinasema wenyeji wana vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja wanayovulia samaki na kasa, na pia mitego ya kusukwa wanayoifunga kwenye milango ya maji. Mitumbwi na mitego vingali hapa. Hata hivyo, kwenda nje ya mwamba kulichukua muda mrefu kuliko tunavyopenda kujisifu. Mifupa ya samaki iliyofukuliwa Shanga, kisiwani Pate, na katika miji mingine ya zamani inaonyesha kwamba watu wa karne za mwanzo walikula zaidi samaki wa ndani ya mwamba, na samaki wa maji ya nje wakaongezeka baada ya mwaka 1000 hivi. Naliona hilo ni jambo la kuheshimu. Huenda vizazi vingi vilitazama mlango wa mwamba vikaona hapafai, kabla mtu hajaanza kulinganisha mnazi na jabali.

Mahali napo hufa. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe ya pwani yote ya Afrika Mashariki yakapauka na mengi yakafa, na mwaka 2016 yakapauka tena. Mvuvi aliyerudi kwenye jiwe lake alikuta alama ziko sawa, chubwi linagonga palepale, na samaki hawapo. Baruti, zilizopigwa miaka mingi upande wa Tanzania Bara, zilifanya hivyohivyo kwa haraka zaidi. Na alama zenyewe zinabadilika: minazi imekatwa kupisha hoteli, paa la makuti limekuwa bati, jabali limefichwa na ghorofa. Wavuvi hawalalamiki sana kuhusu hilo kama ninavyolalamika mimi. Mnara wa simu, wanasema, ni alama safi sana. Mrefu, mwembamba, na usiku una taa nyekundu.

Vijana wengi sasa wana simu zenye GPS, wakifika juu ya jiwe wanabonyeza, basi limehifadhiwa. Nilitegemea wazee wachukie. Mzee wangu wa Jambiani hakuchukia. Aliniambia simu itamleta kijana mpaka juu ya jiwe, ni sawa, lakini hata simu haijui kukaa hapo. Kilichomkera ni kingine: jiwe lililomo kwenye simu linatumwa kwa rafiki, na rafiki ana rafiki, na mwezi ujao pana mitumbwi sita.

Siku ile mzee aliponipa mshipi wake, tulipofika diko maji yalikuwa yamekwisha kupwa nusu. Watoto wawili walisaidia kusukuma chombo wakapewa samaki wao wa kitoweo. Changu sita walitungwa mtungo mmoja, chewa akawekwa peke yake juu ya jani la mnazi, na mnadi akaanza kupandisha bei kabla hatujakunja tanga. Kijana mmoja mwenye mtumbwi mpya alisogea, akamgeuza yule chewa kwa kidole, akamtazama vizuri.

"Shikamoo, ami. Leo umevua wapi?"

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee, akikunja mshipi wake. "Baharini."